Leza ndani ya jicho: kwa nini uvimbe mmoja hutibiwa kwa mwanga na mwingine jicho hutolewa

Swali huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwenye benchi la kliniki ya macho, na anayeuliza huwa amempakata mtoto: "Kwani hawawezi kumpiga leza tu?" Mtoto ana miaka miwili. Mboni ya jicho lake la kushoto inang'aa nyeupe, na daktari ameshasema jicho hilo litolewe. Mama amesikia kwamba kuna leza. Wifi yake amemwambia kuna mtu alikwenda India, akapigwa leza, akarudi na jicho lake. Kichwani mwake sasa kuna tiba nzuri ambayo wenye pesa wanaipata na yeye ananyimwa.

Mama huyo hastahili kujibiwa kwa neno moja. "Haifai" ni jibu la kweli, lakini linamwacha palepale, na mzazi ambaye hajaelewa humbeba mtoto wake akaenda kutafuta kwingine, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka uvimbe unatoka nje ya jicho. Kwa hiyo tulifungue jambo hili taratibu, tangu mwanzo.

Kinachotatiza ni neno lenyewe. Daktari wa uvimbe wa macho akisema leza, anaweza kuwa na maana ya tiba tatu zisizofanana. Ya kwanza huunguza. Ya pili hupasha joto polepole, chini ya kiwango cha kuunguza. Ya tatu haitegemei joto hata kidogo. Mwanga wake kazi yake ni kuamsha dawa ambayo tayari imeingia mwilini. Na hapo sijaitaja leza ya kuwaondolea watu miwani, ambayo huchonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na haina uhusiano wowote na uvimbe.

Zote tatu zinawezekana kwa sababu moja: jicho lina dirisha. Uvimbe ukiwa kwenye ini, daktari hawezi kuuona bila mashine wala kuufikia bila kisu au sindano. Ukiwa nyuma ya jicho, anauona kwa macho yake kupitia mboni. Mwanga hupita kwenye konea, ukapita lenzi, ukapita ute mzito unaolijaza jicho, na kote huko haupashi kitu joto la maana, kwa kuwa huko kote ni angavu. Unafika nyuma, kwenye retina, utando unaopokea picha, na chini ya retina unakutana na utando mwembamba wenye rangi nyeusi ya melanini, kisha tabaka la koroidi lililojaa mishipa ya damu. Hapo ndipo mwanga unapokoma na kugeuka joto. Aliyewahi kukalia kiti cheusi cha pikipiki iliyoanikwa juani saa saba mchana anaijua sheria hiyo bila kufundishwa: kitu cheusi hunywa mwanga na kuutoa kama moto.

Aliyeanza kuitumia sheria hiyo ndani ya jicho alifundishwa na jua. Tarehe 9 Julai 1945 jua lilipatwa, na mjini Hamburg, Ujerumani, daktari kijana wa macho aitwaye Gerhard Meyer-Schwickerath akamhudumia mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa amelitazama jua hilo bila kinga. Nyuma ya jicho la kijana yule kulikuwa na jeraha dogo la kuungua, mahali hasa ambapo sura ya jua iliangukia. Meyer-Schwickerath akajiuliza: ikiwa mwanga unaweza kuunguza retina kwa bahati mbaya, kwa nini usiiunguze kwa makusudi, pale panapohitaji kuunguzwa? Akaunda mtambo wa vioo uliokusanya miale ya jua na kuiingiza kwenye jicho la mgonjwa. Ulifanya kazi, ila Hamburg ina mawingu mengi, na mgonjwa hawezi kusubiri hali ya hewa. Akahamia kwenye taa kali ya umeme wa kaboni, kisha katika miaka ya 1950, akishirikiana na kampuni ya Zeiss, kwenye taa ya gesi ya zenoni. Kwa mwanga huo ndipo uvimbe wa ndani ya jicho ulipoanza kutibiwa kwa kuunguzwa, bila kulitoa jicho. Leza yenyewe ilikuja baadaye: Theodore Maiman aliwasha ya kwanza mwaka 1960 nchini Marekani.

Taa ya zenoni ilitoa mwanga wa rangi zote kwa pamoja. Leza hutoa rangi moja tu, na katika jicho kuchagua rangi ni sawa na kuchagua mahali joto litakapotua. Mwanga wa kijani hunywewa haraka na damu na melanini, hivyo huishia juujuu. Huo ndio unaotumika katika tiba ya kwanza, ya kuunguza. Daktari huuzungushia uvimbe mdogo pete ya madoa ya kuungua ili kuikata mishipa inayoulisha, au huupiga uvimbe wenyewe.

Kuunguza kuna mpaka wake, na aliyewahi kukaanga mandazi ataushika mara moja. Mafuta yakichemka kupita kiasi, andazi linageuka kahawia upesi nje na ndani linabaki bichi. Uvimbe nao ndivyo. Joto likivuka nyuzi 60 hivi, protini za juu huganda na kuwa nyeupe kama ute wa yai kwenye kikaango. Weupe huo unakuwa ngao: mwanga unaofuata unagonga na kurudi, na chembe za saratani zilizo chini zinasalimika. Ndiyo maana kuunguza kulifaa vivimbe vyembamba tu.

Tiba ya pili ilizaliwa kutokana na kikwazo hicho. Katika miaka ya 1990 timu ya daktari wa macho Oosterhuis mjini Leiden, Uholanzi, ilifuata njia ya moto mdogo. Walitumia leza ya infraredi yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 810, ambayo hainywewi upesi na damu wala melanini, hivyo huzama zaidi, kiasi cha milimita 4. Doa la mwanga walilipanua kufikia milimita 2 au 3, wakaliacha pahali pamoja kwa dakika nzima, na joto wakalidhibiti liwe kati ya nyuzi 45 na 60. Kwa joto hilo hakuna kinachoungua papo hapo. Chembe za uvimbe huharibika utando na protini zake, mishipa midogo huziba, na uvimbe hufa katika siku na majuma yanayofuata. Hii ndiyo tiba joto ya kupitia mboni, na madaktari wengi wa retinoblastoma wakitaja leza leo, huwa wanaisema hii.

Retinoblastoma ndiyo saratani iliyo katika jicho la yule mtoto. Huanzia kwenye retina, karibu kila mara kabla ya umri wa miaka mitano, na utafiti wa Kenya ulikadiria mtoto mmoja katika kila watoto 17,000 wanaozaliwa. Tuingie chumba cha upasuaji tuone tiba joto inavyofanywa.

Mtoto mdogo huwezi kumwambia atulie asipepese kwa dakika moja, basi analazwa kwa nusu kaputi. Matone yamekwisha kuipanua mboni mpaka ile duara ya rangi inayoizunguka imebaki uzi tu. Waya mwembamba umezishikilia kope, na nesi anadondosha maji kwenye konea mara kwa mara isikauke. Daktari amevaa kichwani chombo kinachofanana na taa ya mchimba madini, na ndani ya chombo hicho waya wa leza umepitishwa. Kwa vidole viwili ameshika lenzi juu ya jicho. Kwa mkono wa pili anabonyeza ukuta wa jicho kwa nje, taratibu, ili pembe za retina zijitokeze. Kwa kuwa leza ya infraredi haionekani vizuri, doa jekundu la kulengea hutangulia. Analiweka juu ya uvimbe, anakanyaga pedali, anasubiri. Anaanza na nguvu ndogo na kuipandisha kidogokidogo, huku macho yake yakitafuta jambo moja tu: uvimbe uanze kufifia na kuwa kijivu hafifu. Ukigeuka mweupe ghafla, amezidisha. Mshipa ukivuja damu, anasimama. Hakuna kipimajoto ndani ya jicho lile. Kipimo ni jicho la daktari na uzoefu wake, na kwa maoni yangu hiki ndicho watu wasichokijua kabisa wanapodhani leza ni mashine inayojiendesha.

Kuna fumbo hapa. Retinoblastoma yenyewe ni nyeupe, haina melanini. Inanyweaje mwanga? Sehemu kubwa ya joto hutoka chini yake, kwenye ule utando mweusi wa retina, kama sufuria inavyopata moto kutoka kwenye jiko. Ndiyo maana uvimbe mwembamba hupata joto vizuri, na ule uliojijenga juu kama kilima haulipati kileleni. Na ndiyo maana, utando ukishaunguzwa mara kadhaa, leza hupungua makali. Baadhi ya hospitali huingiza kwenye mshipa rangi ya kijani inayonywa infraredi ili joto lipatikane tena.

Uvimbe ukiwa mdogo, matokeo yanatia moyo sana. Mwaka 1999 Carol Shields na wenzake wa Wills Eye Hospital, Philadelphia, walitoa taarifa ya vivimbe 188 vya retinoblastoma vilivyotibiwa kwa joto, vingi vikiwa na upana wa milimita 3 hivi. Karibu 86 katika kila 100 vilidhibitiwa. Lakini si tiba isiyo na gharama kwa jicho lenyewe. Duara ya rangi inaweza kusinyaa pale mwanga ulipoipitia, lenzi inaweza kupata ukungu, retina inaweza kuvutwa na kovu. Kovu lenyewe huweza kutanuka miaka ikienda, na likiwa jirani na kitovu cha kuona, ile sehemu ndogo tunayosomea, huweza kula uwezo wa kuona uliokuwa umeokolewa. Uvimbe ulio pembezoni kabisa, ambako leza haifiki vizuri, mara nyingi hugandishwa kwa baridi badala yake: kifaa chenye ncha ya barafu huwekwa nje ya ukuta wa jicho, uvimbe ukagandishwa na kuyeyushwa mara tatu.

Sasa turudi kwa mtoto wetu, ambaye mboni nzima imeng'aa nyeupe. Weupe huo ni uvimbe wenyewe, au retina iliyobanduka ikasukumwa mbele. Kufikia hapo mara nyingi umejaza sehemu kubwa ya jicho. Upana wake si milimita 3 tena, ni 10, ni 15. Mwanga unaozama milimita 4 utafanya nini hapo? Zaidi ya hilo, retinoblastoma ikikomaa humwaga vijichembe vinavyoelea ndani ya ute kama vumbi katika mwale wa jua. Vijichembe hivyo havina utando mweusi chini yake, havitulii pahali pamoja, na leza haiviui. Kulipiga leza jicho la namna hiyo ni kuuchoma ubavu mmoja wa uvimbe huku ule mwingine ukiitafuta neva ya macho, na neva hiyo ni barabara ya moja kwa moja kwenda kwenye ubongo. Katika jicho lililofika huko, kulitoa ndiko kunakoyaokoa maisha. Si tiba ya maskini. London na Toronto pia jicho la namna hiyo hutolewa.

Kati ya uvimbe wa milimita 3 na jicho lililojaa kuna eneo pana, na hapo leza hufanya kazi kama mshirika. Mtoto huanzishiwa dawa za saratani kwa mishipa, aghalabu vinkristini, etoposidi na kaboplatini, kila baada ya majuma matatu au manne. Uvimbe hunywea. Ukishanywea kiasi cha kufikiwa na joto, leza huingia kumalizia masalia, ikirudiwa mwezi baada ya mwezi. Joto na kaboplatini husaidiana, kwani chembe iliyopashwa joto huumizwa zaidi na dawa hiyo. Mzazi aliyeahidiwa "leza" anapaswa aelezwe mapema kwamba kinachokuja ni safari ya miezi mingi yenye nusu kaputi nyingi. Nimeona wazazi wanaokata tamaa katikati si kwa sababu tiba imeshindwa, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia urefu wake.

Tena kuna sababu iliyowafanya madaktari waing'ang'anie njia hii ngumu. Zamani jicho ambalo halikutolewa lilitibiwa kwa mionzi kutoka nje ya kichwa. Ilizuia uvimbe vizuri, lakini kwa watoto waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya RB1, ambao ni kama 4 katika kila 10 wenye ugonjwa huu, mionzi ilipanda mbegu nyingine. Miaka baadaye walipata saratani za mifupa na misuli mahali palepale ilipopita. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 vituo vikubwa vikahamia kwenye dawa pamoja na leza. Joto na mwanga huu havivunji vinasaba kama mionzi ile inavyovunja. Hiyo ndiyo zawadi yao kubwa kwa watoto hawa.

Kwa watu wazima hadithi ni nyingine. Saratani ya kawaida ya ndani ya jicho lao ni melanoma ya koroidi, ambayo huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya na kwetu ni nadra. Melanoma nyingi ni nyeusi, hivyo mtu angetarajia leza iimalize. Matumaini hayo yalikuwa makubwa miaka ya 1990. Kisha takwimu za Philadelphia za wagonjwa 256, zilizotolewa mwaka 2002, zikaonyesha kwamba kufikia mwaka wa tatu uvimbe ulikuwa umerudi kwa kiasi cha 22 katika kila 100. Chembe zilizojipenyeza ndani ya ukuta mweupe wa jicho hazikuwa zikifikiwa na joto. Suluhisho likawa kuubana uvimbe pande mbili: kisahani chenye mionzi, cha rutheni au iodini, hushonwa nje ya jicho kwa siku chache, na leza huupasha joto kwa ndani. Madaktari wameiita sandwichi, na jina limekaa.

Tiba ya tatu, ile ya dawa inayoamshwa, ina nyumbani kwake hasa: hemanjioma ya koroidi, uvimbe usio saratani unaotokana na mishipa ya damu, ambao huvujisha maji chini ya retina na kuififisha picha. Mgonjwa huingiziwa dawa iitwayo vetepofini kwa mshipa wa mkono, kwa dakika 10. Dawa hujikusanya zaidi kwenye mishipa ya uvimbe. Dakika tano baadaye mwanga mwekundu wa nanomita 689 huelekezwa hapo kwa sekunde 83. Mwanga huo ni dhaifu, haupashi kitu joto. Unaiamsha dawa, dawa inazalisha oksijeni yenye ukali, na oksijeni hiyo huiziba mishipa kwa ndani. Retina iliyo juu yake husalimika. Tatizo ni kwamba dawa bado imo mwilini mwote, hata kwenye ngozi, na jua nalo linaweza kuiamsha. Mgonjwa huonywa ajiepushe na jua na taa kali kwa siku tano. Kwa mtu wa Mombasa au Dodoma, huo si ushauri wa kuandikwa kwa maandishi madogo chini ya karatasi. Apewe tarehe, aambiwe avae mikono mirefu, na apangiwe kusafiri usiku. Nchini Marekani sasa wanajaribu dawa inayobebwa na chembe zilizoundwa kwa mfano wa virusi, zinazojinata kwenye melanoma ndogo kabla ya mwanga kuziamsha. Ingali kwenye majaribio.

Kinachoamua nani apate leza ni ukubwa wa uvimbe siku ya kwanza alipoonwa. Utafiti wa kimataifa wa watoto 4,351 wenye retinoblastoma kutoka nchi 153, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba katika nchi tajiri umri wa kati wa mtoto anapogunduliwa ni miezi 14, na katika nchi maskini zaidi miezi 30. Katika nchi tajiri uvimbe ulikuwa umetoka nje ya jicho kwa 1.5 tu katika kila 100. Katika nchi maskini zaidi ilikuwa 49. Leza ni ileile. Tofauti ni ile miezi 16.

Miezi hiyo huishia kwenye mambo ya kawaida sana. Weupe kwenye mboni huitwa mtoto wa jicho na familia ikaambiwa asubiri akue. Makengeza huchukuliwa kuwa urembo au urithi wa ukoo. Mtoto hupewa matone ya wekundu, akarudishwa, akapewa tena. Na wakati mwingine simu ilikwisha kusema mapema: kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, jicho moja lina doa jekundu na la pili lina doa jeupe au la manjano. Wekundu ule ni mwanga wa flashi ulioingia kupitia mboni, ukagonga nyuma ya jicho na kurudi na rangi ya damu. Jicho linaporudisha weupe, mwanga umegonga kitu kingine. Si kila weupe ni saratani. Hata pembe ambayo picha imepigwa huweza kuuleta. Lakini ukijirudia kwenye picha zaidi ya moja, mtoto akaonwe na daktari wa macho juma hilohilo, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa.

Kwa yule mama kwenye benchi, kuna sehemu ya jibu ambayo mara nyingi haisemwi kwa sababu wote wanalitazama jicho bovu. Jicho la kulia la mwanawe linaonekana zima. Chini ya nusu kaputi, daktari akilichunguza pembe kwa pembe, huenda akakuta vivimbe viwili vya milimita 2, ambavyo havijaleta weupe wala makengeza. La kushoto litatolewa na kuwekewa jicho bandia. La kulia litapigwa leza, siku hiyohiyo, kwenye meza ileile. Atarudi baada ya majuma manne, na nyuma ya jicho lile, mahali palipokuwa na vivimbe, daktari atakuwa akitafuta makovu mawili bapa yenye kingo nyeusi. Na kama mama ana mwingine tumboni, huyo naye aletwe kliniki mara tu atakapozaliwa, kwa kuwa ile hitilafu ya jeni huweza kurithiwa.